Mzaliwa wa Mombasa aliyewaleta wanakemia wa dunia Chiromo

Ukipita Museum Hill kuelekea Westlands, mkono wa kushoto kuna miti mirefu inayoificha kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi iitwayo Chiromo. Vijana wetu wengi wa Pwani wamesomea sayansi pale. Wengi wao wamepita kila siku mahali ambapo, kuanzia mwaka 1970, wanakemia wakubwa wa dunia walikuwa wakishuka kwenye ndege na kuja kujifunza kutoka kwa mchwa wetu, viwavi wetu na magome ya miti yetu. Aliyewaita alikuwa mtaalamu wa wadudu, na mtu huyo alizaliwa hapa kwetu Mombasa, tarehe 4 Februari 1931.

Jina lake ni Thomas Risley Odhiambo. Jina tu litamfanya msomaji fulani aseme huyo ni wa bara, kwao ni Nyanza. Kweli, jamaa zake ni Wajaluo, wala simtafutii nafasi katika Thenashara Taifa. Lakini mji wa bandari ndivyo ulivyo. Reli na gati viliwavuta watu wa kila upande, wakaja, wakapanga vyumba, wakazaa. Mtoto aliyevuta pumzi yake ya kwanza Mombasa ana haki ya kutajwa Mombasa, na sisi tulio wepesi kuwahesabu washairi na mashekhe wetu tumekuwa wazito mno kumhesabu huyu.

Alisomea Maseno, kisha akaenda Makerere, Kampala, chuo ambacho zama zile kilikuwa ndicho mlango wa elimu ya juu kwa Afrika Mashariki nzima. Baadaye akafanya kazi katika idara ya kilimo ya Uganda, kwenye kituo cha utafiti cha Kawanda nje kidogo ya Kampala, shughuli yake ikiwa ni wadudu wanaohusiana na mimea. Kazi ya ofisi ingetosha kumlisha. Yeye akawa anatazama zaidi ya alivyotakiwa kutazama.

Kuna mdudu mmoja wa jamii ya Rhinocoris, mwindaji anayewachoma wadudu wenziwe na kuwafyonza. Odhiambo aliona kwamba jike likishataga huenda zake, na dume ndilo linalobaki juu ya mayai kuyalinda, likiwafukuza maadui wadogo wanaokuja kuyavamia. Akaandika maelezo yake na kuyachapisha mwaka 1959. Mpaka leo watafiti wanaochunguza malezi ya kina baba katika wanyama humtaja. Wanaume wa mtaani kwetu wanaodhani kulea ni kazi ya mama peke yake wana la kusoma hapo. Kwa mwandishi, kilicho muhimu zaidi ni kwamba ugunduzi huo haukuhitaji mashine yoyote. Ulihitaji mtu mwenye subira akae chini atazame.

Kutoka Uganda alikwenda Cambridge, Uingereza, akaingia chini ya mkono wa Vincent Wigglesworth, bingwa aliyekuwa ameonyesha katika miaka ya 1930 kwamba mdudu hukua na kubadilika kwa amri ya homoni. Nyuma ya ubongo wa mdudu kuna tezi ndogo mno, na humo hutoka homoni inayomzuia mtoto wa mdudu asikomae kabla ya wakati. Mdudu akishakuwa mkubwa, tezi zile zile hupewa kazi nyingine, na kazi hiyo nyingine ndiyo Odhiambo aliyoichunguza katika nzige wa jangwani.

Alichukua nzige madume, akawatoa tezi zile kwa upasuaji unaofanywa chini ya hadubini, kisha akawalinganisha na wenzao wazima. Nzige asiye na tezi alijaa mafuta mwilini. Mwendo wake ukapungua. Upevu wake wa kijinsia ukadorora. Kwa ufupi, mnyama anayejulikana kwa kuvuka nchi na kula mashamba aligeuka kuwa goigoi aliyenona. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1965, na taarifa za utafiti huo zikachapishwa katika majarida ya Uingereza mwaka 1966.

Fikiria maana yake. Wakati huo dunia ilikuwa imeanza kuziogopa dawa za wadudu zilizotumika tangu vita vya pili, DDT na ndugu zake, kwa sababu ziliua mdudu mbaya na mzuri pamoja, zikabaki ardhini na mwilini mwa ndege na samaki. Kama maisha ya nzige yanaendeshwa na homoni, basi huenda mtu akapata kitu cha kuiga homoni ile au kuivuruga, kikamgusa nzige peke yake. Na kama mimea imeishi na wadudu kwa mamilioni ya miaka bila kuliwa ikaisha, basi huenda mimea yenyewe ina kitu. Swali limetoka kwa mtaalamu wa wadudu, lakini jibu liko kwa mwanakemia. Mtu wa kulichukua gome, kulitwanga, kulitoa utomvu, kuutenga utomvu ule sehemu kwa sehemu mpaka abaki na kitu kimoja safi, kisha aseme kimeundwaje: hapa kaboni, pale oksijeni, hii imeshikana na ile namna hii. Kazi hiyo ndiyo kemia ya vitu vya asili, na Afrika Mashariki ya mwaka 1965 haikuwa na wataalamu wa kutosha wa kuifanya.

Odhiambo akarudi Nairobi kufundisha zoolojia. Mwaka 1967 aliandika makala katika jarida la Marekani liitwalo Science kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Wakati huo huo, mtu mwingine asiyemjua alikuwa akiwaza jambo linalofanana na lake.

Huyo alikuwa Carl Djerassi, mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Marekani kijana kwa sababu ya Manazi, na mmoja wa wanakemia wa vitu vya asili waliojulikana zaidi wakati ule. Mwaka 1951, akiwa na wenzake katika kampuni ya Syntex mjini Mexico City, alitengeneza dawa iliyokuja kuwa msingi wa vidonge vya kupanga uzazi. Malighafi yake ilitoka kwenye viazi vikuu vya mwituni vya Mexico. Djerassi alikuwa ameona kwa macho yake nchi ambayo wakubwa wa sayansi hawakuihesabu ikigeuka kuwa kituo cha dunia cha kemia ya homoni kwa miaka kadhaa, kwa sababu mmea ulikuwa kwao na wataalamu wakaja ulipo mmea. Akapendekeza kwamba nchi zinazoendelea zianzishiwe vituo vichache vya utafiti wa hali ya juu kabisa, si vituo vya kufundishia kupima mbolea tu, na maprofesa wakubwa wa dunia waviongoze kwa kuja na kurudi.

Mawazo hayo mawili yalikutana, na jambo likaenda mbio. Mwaka 1970 kilizaliwa kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, kinachojulikana kwa jina la ICIPE, makao yake yakiwa katika majengo madogo pale Chiromo, na mkurugenzi wake akiwa Odhiambo, mwenye umri wa miaka 39. Akademia za sayansi za nchi mbalimbali zilijiunga kukiunga mkono. Kwa nini wadudu? Kwa sababu Ulaya mdudu ana msimu, na kwetu ana mwaka mzima. Hakuna maabara ya Boston wala Stockholm inayoweza kufungua dirisha ikaona mbung'o. Hapo Mwafrika hakuwa anaomba aruhusiwe kuingia katika sayansi ya wengine. Alikuwa na kitu ambacho wengine walilazimika kukifuata kwake.

Utaratibu ulikuwa hivi. Maprofesa wenye majina, kama vile Jerrold Meinwald wa Cornell na Koji Nakanishi wa Columbia kwa upande wa kemia, walikuwa wakurugenzi wa utafiti. Walibaki na kazi zao kwao, wakaja Nairobi kwa vipindi. Vijana waliomaliza udaktari ndio walioishi hapa na kufanya kazi ya kila siku kwa mikono yao. Walikuwa wanakuja kutoka Japani, Marekani, Uswisi, na wenyeji pia.

Nieleze mambo mawili matatu waliyoyapata, maana bila hayo maisha ya Odhiambo yatabaki orodha ya vyeo.

Kuna mchwa wa jamii ya Trinervitermes, wanaokula majani makavu. Askari wao wana kichwa kilichochongoka mbele. Ukikitazama kwa hadubini utadhani umeona mrashi wa arusini. Na kazi yake ni hiyo hiyo ya mrashi, ila kinachorushwa si marashi. Akija siafu, askari humrushia gundi inayomnasa miguu na papasio mpaka ashindwe kwenda. Kijana Mmarekani, Glenn Prestwich, aliyefanya kazi Nairobi katikati ya miaka ya 1970, pamoja na wenzake, aliichunguza gundi ile. Walikuta molekuli zenye umbo ambalo halikuwa limewahi kuonekana katika kemia, pete tatu za kaboni zilizofungamana kwa namna ya peke yake. Mchwa tunayemkanyaga njiani alikuwa ametengeneza kitu ambacho hakuna mwanakemia aliyekuwa amekiwaza.

La pili ni viwavijeshi, wale wanaotokea ghafla baada ya mvua na kumaliza mahindi na majani ya malisho. Kijana wa Kijapani, Isao Kubo, alikuwa Nairobi akitafuta mimea ambayo viwavi hao hawaigusi. Njia yake ya kupima inaeleweka hata na mtoto. Unakata vipande vidogo vya jani analolipenda kiwavi, vingine unavipaka dondoo la mmea unaouchunguza, vingine unaviacha vitupu, unamweka kiwavi katikati na kuondoka. Asubuhi unahesabu kilicholiwa. Miti ya jamii ya Warburgia, ule ambao Wakikuyu huuita muthiga, ina gome lenye ukali wa pilipili, na watu wa Afrika Mashariki wamelitafuna tangu zamani kwa kikohozi, tumbo na jino. Kubo, Nakanishi na wenzao walitoa ndani yake kitu walichokiita warburganali, wakatangaza mwaka 1976. Kiwavi aliyekutana nacho, hata kwa kiasi kidogo sana, hakula. Hakufa kwa sumu, alikatwa hamu. Mwaka huo huo walitangaza vitu vingine vya kazi kama hiyo kutoka kwa Ajuga remota, mmea mchungu unaotumika kwa homa, ambao viwavi wa porini wanaupita kama hawauoni.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wengine hulipita haraka. Ukiyasoma majina ya waandishi wa taarifa zile za mwanzo, utaona Wajapani na Wamarekani kwa wingi. Mganga wa kienyeji aliyelijua gome lile kabla ya hadubini kuzaliwa hatajwi kwa jina. Mwafrika mwenye shahada alikuwa mmoja mmoja. Kwa hiyo waliosema kwamba kituo kile ni sayansi ya wageni iliyohamishiwa kwenye jua hawakuwa wanasema uongo mtupu. Tofauti ni kwamba mkurugenzi aliliona jambo hilo na akalifanyia kazi. Mwaka 1983 ICIPE, ikishirikiana na vyuo vikuu vya Afrika, ilianzisha mpango wa kuwasomesha Waafrika udaktari wa sayansi ya wadudu, utafiti ukifanyiwa ICIPE na shahada ikitolewa na chuo cha nchi za Afrika. Kabla ya hapo, mwaka 1980, alikuwa ameanzisha jarida la kisayansi lililochapishwa kutoka Nairobi, ili mtafiti wa Ibadan au Dar es Salaam asilazimike kusubiri London ikubali kwamba tatizo lake ni tatizo. Kama angeanza na hayo badala ya kumalizia na hayo, huenda asingepata fedha za kuanzia. Lakini miaka 13 ni mingi.

Sasa nije kwenye mti ambao kila ua wa Pwani unao. Muarobaini ulikuja kwetu kutoka upande wa Bara Hindi, ukakubali ardhi ya chumvi na ukame, na wazee wakaupa jina kwa hesabu ya maradhi unayotibu. Majani huchemshwa kwa homa, huwekwa kwenye nafaka zisiliwe na wadudu, huchomwa moshi ukafukuza mbu. Mwaka 1959 Mjerumani Heinrich Schmutterer, akiwa Sudan, alikuwa ameona nzige wakishuka na kula kila jani isipokuwa muarobaini. Mwaka 1968 Butterworth na Morgan, wa Chuo Kikuu cha Keele huko Uingereza, walitenga kitu kinachowazuia nzige kula, wakakiita azadiraktini. Na mwaka 1975 Nakanishi yule yule wa Chiromo, akiwa na wanafunzi wake Columbia, alipendekeza umbo la molekuli yake. Hakulipatia lote. Ilihitajika miaka 10 zaidi na makundi mengine ya Ulaya mpaka mwaka 1985 ndipo umbo sahihi likathibitika, na kuitengeneza maabara tangu mwanzo mpaka mwisho kuliwachukua watu wa Cambridge miaka 22, wakamaliza mwaka 2007. Mti wa uani unafanya kazi hiyo kila unapozaa.

Azadiraktini ina uhusiano wa karibu na kile alichokianza Odhiambo na nzige wake. Mdudu akiila kidogo, hamu hupotea. Na ikiingia mwilini, huvuruga homoni za kukua, hata mtoto wa mdudu akashindwa kujibadua ngozi. Yaani muarobaini ulikuwa umefanya zamani kile ambacho wataalamu wa homoni walikuwa wanakiota.

Na hapo ndipo penye ugomvi. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace na wizara ya kilimo ya Marekani haki juu ya namna ya kutumia mafuta ya muarobaini dhidi ya ukungu wa mimea. Wahindi, ambao mti ni wao na matumizi ni yao tangu jadi, wakapinga. Hataza ile ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. India ilishinda kwa sababu ilikuwa na watu wa kuisemea: wakulima walioweza kutoa ushahidi na wanasayansi walioweza kusoma maandishi ya hataza neno kwa neno. Jiulize kama ingekuwa ni gome la kwetu ambalo halijaandikwa popote. Hoja ya Odhiambo ya kutaka wanasayansi wa hapa ilikuwa na makali hayo ndani yake hata kabla ya kesi ile.

Katika miaka ya 1990 ICIPE yenyewe ilianza kuwafundisha wakulima wa Kenya kuutumia muarobaini shambani kwa njia iliyopimwa: kuokota mbegu, kuzikausha, kuzitwanga na kuziloweka kwa vipimo, badala ya kubahatisha.

Turudi kwa mbung'o, maana watu wa Kwale na Shimba Hills wanamjua. Watafiti wa ICIPE, akiwemo mwanakemia Ahmed Hassanali, walichunguza kinachomvuta mbung'o kwa nyati. Mwaka 1986 walitangaza kwamba katika mkojo wa nyati mna vitu vya jamii ya fenoli ambavyo mbung'o huvifuata kwa harufu. Huko Nguruman, karibu na Magadi, mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi iliwekwa chupa ya mkojo wa ng'ombe na asetoni, na Wamasai wenyewe wakafundishwa kuishona na kuitunza. Mbung'o wakapungua mno. Utaona mkono wa Odhiambo katika jambo hilo: kemia ya hali ya juu, kisha mtego ambao mwanamke kijijini anaweza kuushona kwa cherehani.

Kituo kilikua kikahama Chiromo. Kule Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kilijengwa kituo cha mashambani. Na Kasarani, nje ya jiji, yakainuka makao makuu ambayo yalipewa jina la Duduville. Kwa lugha ya wanasayansi lingekuwa jina refu la Kilatini. Yeye akachukua neno ambalo kila mama wa Kiswahili hulitumia kumtisha mtoto.

Nje ya ICIPE alikuwa na kazi nyingine iliyomla usiku na mchana. Alishirikiana na Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani, katika akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea iliyoanzishwa mwaka 1983 kule Trieste, Italia. Mwaka 1985, huko huko Trieste, wanasayansi wa Kiafrika waliokutana walikubaliana kuwa na akademia yao wenyewe. Odhiambo akawa rais wake wa kwanza mpaka mwaka 1999, na makao yake yakawa Karen, upande wa magharibi wa Nairobi. Mwaka 1987 alipewa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal, Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kumaliza njaa, ikiwa ndiyo mara ya kwanza kutolewa. Mwanasayansi na rais wa nchi kwenye jukwaa moja. Siku hizi ni nadra kuona hivyo.

Aliiacha ICIPE mwaka 1994, na Mswisi Hans Herren akashika nafasi yake. Miaka 24 katika kiti kimoja ni mingi kwa mtu yeyote, hata mwenye kuijenga nyumba. Chombo kilichozoea sauti ya nahodha mmoja hupata taabu kusikia nyingine, na sidhani kwamba yeye alikuwa mwepesi wa kumwachia mtu usukani. Lakini mwaka wa kuondoka kwake tayari watafiti wa Mbita walikuwa wameanza, pamoja na wenzao wa Rothamsted ya Uingereza, ule mpango wa kupanda desmodiamu kati ya mahindi ili harufu yake iwafukuze vipepeo wa viwavi wanaotoboa mabua, na matete pembeni ya shamba ili yawavute. Ni kemia ile ile ya Chiromo, ila sasa haikuwa kwenye chupa.

Thomas Odhiambo alifariki dunia Nairobi Mei 2003, akiwa na miaka 72. Kituo cha Mbita leo kinaitwa kwa jina lake. Wenzake wa mwanzo nao wametangulia: Djerassi mwaka 2015, Meinwald mwaka 2018, Nakanishi mwaka 2019.

Nimeliacha la mwisho lile linalotuhusu zaidi, kwa kuwa halijaisha. Katika miaka ya 1970 ICIPE ilikuwa na kitengo cha mbu hapa Mombasa, na watafiti wake walikwenda Rabai. Walijua kuna mbu aitwaye Aedes aegypti, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, na wakaona kwamba Rabai kuna aina mbili zake zinazoishi hatua chache tu baina yao. Mmoja mweusi, wa msituni, anataga kwenye mashimo ya miti. Mwingine wa rangi ya kahawia, anakaa ndani ya nyumba na kutaga kwenye mitungi ya maji ya kunywa. Waliwakamata wa nyumbani na wa msituni, wakawapaka unga wa rangi mbalimbali, wakawaachia pamoja, kisha wakaenda kuwatafuta. Wa nyumbani walirudi nyumbani. Wa msituni, wengi wao, hawakutaka kuingia.

Ikapita miaka. Mwaka 2014 kundi la watafiti wakiongozwa na Carolyn McBride walichapisha walichokipata kwa mbu wa Rabai wale wale wa aina mbili. Walimpa kila mbu achague kati ya harufu ya binadamu na harufu ya mnyama mdogo anayefanana na panya. Wa msituni alimfuata mnyama. Wa mtungini akamfuata binadamu. Sehemu ya siri ilikuwa kwenye kitu kimoja kinachotoka kwa wingi katika ngozi yetu, sulkatoni, ambacho pua ya mbu wa nyumbani imejifunza kukinusa vizuri kuliko ndugu yake. Mbu huyu ndiye anayebeba virusi vya dengi na chikungunya. Mombasa iliuguzwa na dengi mwaka 2013 na tena mwaka 2017, na Lamu ilipigwa na chikungunya mwaka 2004, wakati mvua ilipokosekana na watu wakaweka maji ndani kwa wiki nzima bila kufunika vyombo.